Wasifu wa Printa

Kwanza nakionyesha kifaa kigae chake cheupe
kisije kikasahau nyeupe ni nini.
Ni kidogo, kinatosha kiganjani,
kama sabuni ya mche iliyokatwa nusu,
chini yake jicho moja lenye taa yake ya ndani.
Kinalia ti. Kimekumbuka.

Mkuti hapa, Masasi, nyuma ya maghala ya korosho,
vumbi jekundu linabisha dirishani tangu asubuhi
nami nimeziba nyufa kwa gazeti lililolowa.
Mezani karatasi tatu za miraba ya rangi,
miraba mia tisa na kumi na minane,
imelala usiku kucha ikauke,
maana wino mbichi ni kama mlevi:
husema leo atakachokikana kesho.

Printa hii ilikuja na wasifu wake kutoka kiwandani.
Wasifu mzuri, ulioandikwa na mtu asiyeijua
kwa karatasi nisiyoipata, kwa hewa nisiyoivuta.
Ukiiomba njano ya bibo lililoiva, inakupa ya kiini cha yai.
Ukiiomba nyeusi, inachomeka zambarau humo,
kama mtu asiyeweza kutoa habari bila kutia chumvi.
Na ukiipa uso wa mtu wa kwetu
inaurudisha umepakwa majivu,
au umebabuka, tofali la tanuri.

"Huyu si Lotari,"
alisema juzi Bi Editha Mchopa, picha ya arobaini mkononi.
Hakugomba. Aliilaza mezani kifudifudi
kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.

Basi leo naiandika upya.
Naweka rula, nateremsha kifaa juu ya mstari,
pumzi moja kwa mstari mmoja.
Ukiharakisha kinalia vibaya: rudia.
Ukisita: rudia.
Mstari wa kumi na saba nimeurudia mara nne,
nje wanashusha magunia na meza imeshikwa na homa.
Mstari wa ishirini na tatu umeme ukakatika
nikabaki gizani, kidole mahali pake,
kama msomaji aliyezimiwa kibatari.

Zamani nilikuwa naitukana. Naipiga kofi ubavuni.
Siku hizi najua printa hainyooshwi.
Unaisikiliza ikidanganya mara mia tisa na kumi na minane,
unaandika: hapa huzidisha, hapa hupunja,
hapa, kwenye kahawia, hukimbilia wekundu kama iliyoshtuka.
Kisha ukitaka kweli
unaiagiza kile ambacho, ikishakipotosha, kitakuwa kweli.
Ndivyo ninavyomwambia fundi Chilumba saa mbili
nikimtaka saa nne.

Alasiri Bi Editha akarudi na mjukuu.
Nikamuuliza: mzee alikuwa mweusi wa namna gani?
Swali la kipumbavu, nililiona likitoka.
Akanitazama, akaitazama kuta, kalenda, kitenge chake,
akamshika Osmundi mabega, akamgeuza:
"Hapa. Nyuma ya shingo la huyu."

Nikakiweka kifaa pale. Kilikuwa cha baridi,
mtoto akacheka akakunja mabega.
Rudia.
Safari hii akabana pumzi, macho kayafumba,
kikalia ti.

Thelathini na moja. Kumi na mbili. Kumi na nne.

Bi Editha akauliza ndiyo nini hiyo.
Nikasema, ndiyo hapo shingoni.
"Basi ongeza jua," akasema. "Mume wangu alikuwa akipalilia."

Kwenye jedwali hakuna mahali pa kuandika jua.
Nikapunguza mbili kwenye thelathini na moja, nikabonyeza.
Printa ikaanza kunung'unika, kipaji kwanza,
kisha nyusi, kisha lile kovu dogo ambalo juzi halikuonekana.

Akaipokea kwa mikono miwili. Akaipuliza, kama uji.
Haijakauka, nikamwambia.
Usiigeuze bado.