Mgongo Wangu

Otakar kaikunjua ramani mezani:
Brno, Vienna, Graz, mpaka Trieste kwa binti yetu.
"Kwa gari," asema, "tutasimama tupendapo,
na mipakani siku hizi hakuna wa kutuuliza."
Kidole chake chafuata mto
akidhani ni barabara.

Macho hayana pazia, husema watu.
Yake yanalo, tangu theluji ya kwanza;
chai huimimina kando ya kikombe.

"Mgongo wangu," nasema, "hauwezi tena kiti cha gari.
Kwenye treni mtu hunyoosha miguu."

Anyamaza kitambo.
"Haya, treni. Kwa ajili ya mgongo wako."
Anazirudisha funguo msumarini,
anaukosa,
anaukosa tena.

Nami nafuta chai mezani,
mkono mmoja kiunoni.