Chungu Kimoja

Kaya, aliandika asistenti Kabesha ubaoni,
ni watu wanaokula chungu kimoja.
Chaki ilikatikia kwenye "kimoja".
Mvua ilipiga mabati ya ukumbi
hata sauti yake ikabaki midomo tu,
na sisi wa nyuma tukanakili midomo.

Jumamosi nilipanda Kadutu na fomu arobaini
ndani ya mfuko wa plastiki, kalamu mbili,
viatu vya kaka. Ngazi za udongo zilikuwa zimelowa,
nikawa nashikilia kuta za nyumba za watu
nikiziomba radhi.

Mama M'Cirhuza alikuwa anachambua sambaza.
Swali la nne: mnakula wangapi chungu kimoja?
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa uzito wa moshi.
"Leo?"
Nikasema, kwa kawaida.
"Kawaida ni siku gani?"

Akaanza kuhesabu, vidole vikimeta magamba:
wanangu watano, lakini Nsimire analala kwa shangazi yake,
anarudi saa ya bugali;
baba yao yuko Kamituga, machimboni,
hajala hapa tangu Pasaka,
ila sahani yake hatujampa mtu;
wawili wa jirani, nyumba yao ilishuka na mlima
mwezi wa kumi na moja;
na yule mzee wa chini, si ndugu,
anakuja anakohoa mlangoni, basi tunajua.
"Andika unavyotaka. Wewe ndiye umesoma."

Kisanduku kilikuwa kidogo, cha tarakimu mbili.
Nikaandika 9. Nikafuta. Nikaandika 7.
Nikafuta tena, karatasi ikatoboka.

Jumatatu Kabesha aliinua fomu kwenye mwanga
akanitazama kupitia tundu.
"Hii ni nini?"
"Inategemea, Asistenti."
Darasa likacheka. Yeye hakucheka.
Alisema kompyuta haijui "inategemea".
Kisha, kwa sauti ya chini: rudi, kamuulize tena.

Sijarudi. Wiki hii majina yamebandikwa getini,
wenye deni la tranchi ya pili ya minervali,
na langu ni la sita,
limekosewa herufi, lakini ni langu.
Mama ameenda kwenye likelemba yake
kuomba zamu isogezwe:
wanawake kumi na mmoja, wa makala, wa vitenge,
mmoja anauza betri za redio.
Wamekubali. Wengine wao siwajui hata kwa sura.
Hatujawahi kuonja pamoja hata chumvi.

Usiku, umeme umekatika,
nimechukua fomu iliyobaki nijaze ya kwetu,
kwa kalamu ya mama, ile ya daftari la madeni.
Swali la nne.
Nimehesabu kwa vidole, vimeisha,
nimeanza vya mdogo wangu
aliyelala.