Waya Mwekundu

Chumba changu cha Nkuhungu kina dirisha moja.
Nimeliziba kwa godoro na magunia ya mtama
ili bodaboda na vumbi la Julai wabishane huko nje.
Humu nina maiki moja, spika mbili za mtumba,
kompyuta inayohema kama mgonjwa wa pumu,
na nyaya, nyingi kuliko ndugu zangu.

Mwanzo nilidhani waya ni waya.
Kilichoingia kikaingia, nikabonyeza, nikarekodi
ngurumo: mmmmm, ya chini, isiyochoka,
kana kwamba friji ya baa ya jirani imehamia kifuani mwangu.
Nikalaumu maiki. Nikalaumu umeme.
Nikamlaumu Ndahani, aliyekuja kughani, kwamba anatumia pua.

Fundi Mchiwa wa Majengo, anayemenya nyaya kwa meno,
hakunicheka. Alifungua kichwa cha jeki nene
akanionyesha: uzi mmoja wa sauti, na ngao iliyousukia.
"Huyu anatembea peke yake," alisema.
"Nawe umempitisha ubavuni mwa waya wa umeme, mita sita.
Atakosaje kurudi na umbea?"

Kisha akatoa ule wa pini tatu.
Ya kwanza ardhi. Ya pili inabeba sauti.
Ya tatu inabeba sauti ileile, imepinduliwa:
palipopanda pameshuka, paliposhuka pamepanda.
Njiani kelele inawapaka wote wawili masizi sawasawa.
Wakifika, yule aliyepinduliwa anageuzwa tena,
na masizi yanakutana uso kwa uso, yanafutana.
Nilimwambia arudie. Akarudia.
Nikanunua soda mbili, nikamwambia arudie tena.

Tangu siku ile namjua nani ni nani.
Dume lina pini, jike lina matundu;
dume husema, jike hupokea, alisema Mchiwa,
na mkewe, pale kwenye kiti cha plastiki, akaguna.
Nazikunja duara juu, duara chini,
sizizungushi kiwikoni kama kamba ya mbuzi.

Ila nilichotaka kusema ni habari ya kaseti.

Baba yangu, Chilongola, alirekodi zeze lake
kwa redio ya spika mbili, nyumbani Mvumi,
mwaka ambao mvua ilikataa.
Kaseti imebaki, yeye hayupo.
Kila harusi, kila tanga, tumeicheza
kwa waya uleule wenye vichwa viwili, cheupe na chekundu,
na upande wa kulia bubu siku zote.
Tukasema ni uzee wa kaseti. Tukazoea
baba kukaa kushoto, peke yake,
akikwaruza nyuzi mbili gizani.

Jumapili nilikuwa naihamishia kwenye kompyuta.
Nikakifungua kile kichwa chekundu, udadisi tu.
Uzi wa katikati ulikuwa umekatika,
mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga,
umelala karibu kabisa na mahali pake.
Nikapasha pasi. Risasi ikayeyuka, moshi ukaniuma macho,
nikapuliza.

Kulia kukafunguka.

Kwanza jiko: mwiko unagonga chungu.
Mbuzi. Mtoto anakohoa, labda mimi.
Zeze halikuhama, lilikaa palepale kushoto,
na kulia mama, Mbeleje, bado msichana kwa sauti,
anasema bila haraka:
"Zima basi. Betri zinaisha, na kesho tunataka taarifa ya habari."
Baba anacheka. Hazimi.

Nilimpigia mama simu. Hakupokea, alikuwa mashineni anasaga.
Alipopiga jioni nilisogeza simu
kwenye spika ya kulia, ile tu.
Akasikiliza mpaka kaseti ikakatika.
Akanyamaza. Nikasikia unga ukipepetwa.
Kisha akauliza: "Hivi zile betri, ziliisha?"