Maji Yaliyozoleka

Husema maji yakimwagika hayazoleki.
Sisi tuliyazoa.
Ziwa zima, kwa pampu, usiku na mchana,
mpaka sakafu yake ikaanikwa juani
ikinuka samaki na kutu,
na serikali ya Uholanzi ikaja na kamba na vigingi
ikampimia baba yangu, Wiebe Terpstra,
hekta thelathini za udongo usiowahi kuonja jembe.

Matete kwanza, kuukausha. Kisha shayiri. Kisha viazi.
Mwaka wa sita, Oktoba, katika manyunyu,
plau ikakwama.
Baba alishuka akililaani jiwe.
Lakini kwetu hakuna mawe;
ziwa halikutuachia hata la kumtishia mbwa.
Alichimba kwa mikono,
akatoa kipande cha bati chenye safu ya ribiti,
akazima trekta,
akaketi palepale topeni
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

Hakuwa msimulizi. Siku ile alisimulia.
Vita vilimkuta ng'ambo ile, mtoto wa mwoka mikate,
miaka tisa, akilala darini chini ya vigae.
Ndege zikipita usiku kwenda mashariki
alizihesabu kwa vidole ndani ya blanketi.
Alfajiri zikirudi, alizihesabu tena.
Ndivyo alivyojifunza kutoa:
kutoa bila kukopa,
na jibu halikuandikwa popote.
Usiku mmoja wa Machi ilipita moja chini mno, ikikohoa.
Mwanga wake ulitambaa ukutani
kama mtu mwenye taa anayetafuta alichokisahau.
Kisha ziwa likafunga mlango.
Asubuhi shule iliendelea. Ilikuwa imla.
Alikosa maneno mawili.

Wanajeshi walipiga mahema, wakalichekecha shamba letu wiki tatu.
Mama aliwapikia supu ya njegere;
walikula wamesimama, hawakuongea.
Injini nne. Pangaboi limepinda kama sikio la sungura.
Vijana saba, na mkubwa wao, rubani Ayliffe,
alikuwa na ishirini na mitatu.
Watano walipewa majina yao.
Wawili waligawana jeneza moja,
kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema
huyu anaishia wapi, yule anaanzia wapi.

Barua ilifika kutoka Kanada, nyanda za ngano,
kwa dada wa mpiga bunduki wa mkiani.
Hulda Thiessen hakuuliza juu ya mifupa.
Aliuliza soksi.
Je, ya kushoto ina kiraka cha uzi wa kijani kisiginoni?
Uzi wa kijivu uliniishia, aliandika.
Orville akaniambia haidhuru,
nani ataiona, nami nimevaa buti?

Waliiona.
Sajini mmoja aliiosha karaini kwetu,
akaianika kwenye kamba ya mama
kati ya nguo zangu na za kaka yangu.
Sufu ilikuwa nyeusi kama mboji.
Kijani kilikuwa kijani.

Baada ya hapo tulipanda viazi, pale pale.
Vikazaa vizuri, vikauzwa na vingine.
Baba hakuvila. Hakutukataza kuvila.

Amekufa majira ya baridi yaliyopita.
Kwenye mtoto wa meza, chini ya stakabadhi za mbegu,
nimekuta kitu pekee alichowahi kuiibia serikali:
filimbi ndogo ya shaba,
ile waliyoshonewa kwenye kola
ili mtu akiangukia maji gizani
awaite wenzake.
Tope limeondolewa tunduni kwa sindano, kwa subira,
sijui kwa jioni ngapi.

Pampu bado zinanguruma; zikizimwa wiki chache, ziwa litarudi.
Nasimama ukingoni mwa mtaro, filimbi midomoni,
ladha yake ni ya ufunguo.
Sijaipuliza.
Filimbi ya namna hii, ikilia,
lazima mtu aende.