Mia kwa Mia

Osorno, Julai, saa tisa za usiku.
Mvua inapiga bati la kiwanda cha maziwa
na Nélida Oyarzo, koti juu ya nguo za kulalia,
anaukodolea macho ukurasa mweupe
usiomfungulia.

Chini, mitambo inakwenda.
Seva arobaini, pepe wala si pepo,
zilizopangishwa ndani ya vyuma vitatu,
zinahesabu lita bila kukosea.
Ila msimamizi wao kanyamaza.
Gari liko mwendoni, usukani haupo.

Anapitia mlango wa nyuma: skrini nyeusi,
nenosiri alilorithi kwa don Eleuterio
aliyestaafu akaacha karatasi imebandikwa: USIGUSE.
Anauliza, kila chumba kimejaa kiasi gani?
Thelathini. Kumi na mbili. Arobaini na nne.
Cha kumbukumbu: mia.
Hata nukta haina pa kukaa.

Analifungua faili nono kuliko yote.
Siioni saa.
Siioni saa.
Anashuka mistari elfu, elfu tena,
siioni saa, siioni saa,
kila baada ya sekunde kumi na sita, miaka miwili,
tangu ile seva ya kutunza majira ilipong'olewa ukutani
ikauzwa kwa kilo, chuma chakavu,
na huyu asiambiwe.

"Si ungeniamsha?"
Kisha anakumbuka: maonyo yalikuwa yakitumwa
kwa don Eleuterio,
ambaye sasa anafuga nyuki Purranque.

Anafuta. Anauliza tena.
Mia.
Anafuta la pili. Mia.
Anacheka peke yake, mvuke ukimtoka kinywani:
jina limefutika, mzigo haujatuliwa,
kuna mkono humo ndani ungali umeushika.
Anaizima ile huduma kaidi, anahesabu mpaka kumi,
na nafasi inarudi kwa mkupuo
kama karo iliyozibuliwa.
Sitini na moja.

Anaandika anwani ya saa nyingine, iliyo hai.
Anaziamsha huduma; ya mwisho inajivuta dakika saba.
Ukurasa unafunguka: arobaini, zote kijani,
hakuna hata moja iliyojua.

Uani lori la kwanza linarudi kinyumenyume.
Hardy Winkler, dereva, anachungulia dirishani,
kofia inachuruzika. Saa ngapi sasa?
Nélida anaitazama skrini
ambayo tangu mwaka juzi haikuwa na hakika.

"Kumi na moja kasoro dakika nne," anasema,
na hasogei, anangoja kasoro tatu.