Kasha la Bibi Kidawa

Zamani nilitengeneza saa.
Barabara ya Kumi, Ngamiani, meza ya kioo,
lenzi imening'ang'ania jichoni kama kupe.
Siku hizi watu husoma saa kwenye simu,
na meza ile ingekuwa ya karanga
kama si Singano kuja, mvua za vuli, na mfuko wa rambo.
Ndani vikaragosi watano, nywele za katani,
wamevaa wakapendeza, lakini mikono mitupu.
"Fundi," akasema, "hawa ni watu wa mji.
Mtu wa mji hatoki nyumbani bila kitu mkononi."

Nikaanza na miwani ya Mwalimu Mhando:
njiti moja ya baisikeli, moto wa mshumaa,
vioo nikavikata kwenye jumba la kaseti.
Ilipomkaa puani akawa kama amekerwa na jambo.
Kinyozi alidai mkasi. Nikamkatia wa bati
la kopo la dawa ya mbu, nao unakata kweli,
niliujaribu kwenye malaika ya mkono wangu.
Makubadhi: mpira wa tyubu, sindano, uzi,
jozi nzima inalala juu ya kucha ya dole gumba.

Mwanamvua alipita na beseni la nguo.
"Mtu mzima na ndevu zake, anavisha midoli."
Akaenda, akaanika, akarudi
na ushanga mmoja wa shaba katikati ya kiganja.
"Huyo bibi pua tupu. Mpe kipini."

Bibi Kidawa basi akapata kipini,
na kwenye pindo la leso yake
nikamfungia funguo saba.

Shule moja ya Makorora, mchezo umekwisha,
mtoto akanyosha mkono, Hidaya, jino la mbele hana:
"Hizo funguo zinafungua nini?"
Singano ana sauti sita mdomoni.
Zote zikamkauka.

Aliniletea swali lile Jumatatu
kama mtu anavyoleta kiatu kilichoachama.
Nilitaka kusema: hazifungui kitu, pambo tu.
Lakini nimekaa miaka thelathini na miwili
na magurudumu ambayo kila jino lina kazi yake,
ukiling'oa moja, saa sita haifiki.

Kibanzi cha mvule, masalia ya fremu ya mlango.
Skrubu za saa, zile ukipiga chafya umezipoteza.
Kufuli siku nne, na mbili za kulitukana.
Funguo sita ni za uongo, nakiri.
Wa saba unazunguka.
Ka!
Kama chawa aliyebanwa kati ya kucha mbili.

Halafu nikakaa.
Kasha tupu lina wepesi wake,
na mkono wa Singano ungeujua,
na mkono ukijua, bibi naye anajua.

Droo ya chini ninaweka saa za wasiorudi,
kila moja na bahasha, kila bahasha na mwandiko wangu:
*Makame wa Relini. Atakuja Ijumaa.*
Ijumaa ya mwaka gani, sikuandika.
Nikaifungua, nikautoa mshale wa sekunde,
nikaulaza ndani ya kasha
juu ya kitambi cha pamba.
Samahani Makame. Ukija, nitakueleza.

Singano akaligeuzageuza kwenye mwanga.
"Jukwaani hakuna atakayeona."
Najua.
"Bei?"
Kasha elfu saba. Kilichomo si changu, sikiuzi.

Safari hii nilikwenda nami Makorora,
nikakaa dawati la nyuma, magoti kifuani.
Mchezo ulipoisha Hidaya akaja moja kwa moja,
akalichomoa kasha kwapani mwa bibi.
Ufunguo hakuuomba.
Alilitikisa sikioni, mara moja,
akasubiri, akalitikisa tena.
"Kimo," akawaambia wenzake,
akalirudisha palepale,
akakaza fundo la leso.