Safu ya D

Vidole vyangu vina miaka sitini na tisa
na vinachojua ni unga.
Bonyeza, usisukume, ananiambia Tatevik,
kibodi si donge, mama.

Maktaba ya mtaa, Gyumri, Februari.
Wanafunzi sita, kompyuta nne, hita moja
inayokohoa kuliko sisi.
Nimepangwa na Garnik, fundi saa,
ambaye kila akikosea hukigeuza kipanya chali
na kukichungulia tumboni.

Nimekuja na daftari la Sedrak.
Jalada lina mafuta, kurasa zinanuka chachu,
mwandiko wake umelala upande
kama mtu aliyesinzia kwenye benchi.
Miaka kumi na minane ya mikate ya kukopa:
nani, mingapi, kwa bei gani,
nani "atalipa Ijumaa",
Ijumaa ambayo hakuna kalenda iliyowahi kuichapa.

Safu ya A, majina. B, mikate. C, bei.
D iache, anasema Tatevik, D itajijaza.
Kitu cha kujijaza sijawahi kukiona,
labda ndoo iliyo chini ya bomba letu bovu.

Anza na alama ya sawasawa,
ndipo mashine ijue unaiuliza, huihadithii.
Sawasawa, B mbili, nyota, C mbili.
Nyota! Shuleni kwetu kuzidisha kulikuwa msalaba uliolala.

Nabonyeza. D inanitolea neno la ukali,
reli mbele, alama ya mshangao nyuma.
Nimevunja nini?
Hujavunja. Umeandika "mitano" kwa herufi.
Mashine haijui mitano. Inajua 5.

Miaka arobaini nimesema mitano
na watu wakaondoka na mitano.

Nafuta. 5.
Na D ikasema 1000, papo hapo,
bila kuhesabia vidole.

Wiki tatu nikaandika majina.
Ya nne, Tatevik akanionyesha kidoa kwenye kona ya seli:
shika hapo, vuta chini.
Nikavuta, na hesabu zikashuka mstari kwa mstari
kama lavashi inavyokunjuka mezani,
madeni ya mtaa mzima,
yaliyomkesha Sedrak akiguguna penseli,
yamekwisha na chai yangu bado ya moto.

Ila kuna mistari yenye kistari.
Jina, mikate miwili, na mahali pa bei, kistari.
Tatevik akayapanga majina kwa alfabeti
na vistari vyote vikajikuta nyumba moja.
Shoghik. Shoghik. Shoghik.
Mistari mia mbili na kumi na minne.

Mimi simjui Shoghik.
Mji huu si mkubwa kiasi cha mtu kula mkate wangu
miezi saba nisiijue sura yake.
Garnik akavua miwani, akaifuta,
akaifuta tena.

Tuweke sifuri, mama, au tuache wazi?
Kuna tofauti?
Ipo. Ukitafuta wastani, palipo wazi mashine huparuka,
kama hapakuwahi kutokea kitu.
Sifuri huihesabu.

Ndani ya seli kamstari keusi kanapepesa,
kanazima, kanapepesa.
Mkate ulitoka tanurini. Mimi ndiye niliyeutoa.
Nikaandika sifuri, nikashika kona, nikavuta
mpaka Shoghik wa mwisho.
Jumla kule chini haikutikisika hata dram moja.

Hifadhi, akasema Tatevik. Ipe jina.
Nikaandika Sedrak, kwa kidole kimoja,
nikakosea, nikarudia.

Wiki ijayo, akatutangazia akizima hita,
tutajifunza kuficha safu.

Hilo, nikamwambia, marehemu alilijua bila kompyuta.